Uzio wa kijani Tabora uchagulie mwezi wa kumi

"Shikamoo mtaalamu. Tumehamia kwetu Ipuli mwezi wa sita. Kiwanja ni mita 25 kwa 30. Mbele kuna barabara ya mtaa, wapita njia wanatuona tukipika, tukifua, hata tukila. Upande wa kushoto jirani anapandisha ghorofa moja. Ukuta wa tofali hatuuwezi kwa sasa. Nataka fensi ya miti ya kijani mwaka mzima, isiyopukutisha majani, na ikue haraka. Fundi aliyetujengea anasema tupande mikrismasi. Kijana wa kitaluni anasema miashoki. Mama mkwe hataki kabisa, anasema uzio wa miti unaleta nyoka. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka miwili, na mbuzi wa majirani hawana adabu. Maji ya bomba yapo ila bili tunaiogopa. Nipande nini?"

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuhamia kwako, maana aliyewahi kupanga chumba na watoto watatu anajua uzito wa hilo neno.

Kabla sijakutajia mti hata mmoja, nakuomba usinunue mche wowote mwezi huu wa tisa. Subiri Oktoba iingie. Jioni moja jua likipungua makali, tembea kwa miguu mitaa ya Ipuli, Cheyo, Isevya, popote penye nyumba za zamani, kazi yako iwe kutazama fensi za watu tu. Ukiona uzio ambao mwezi wa kumi bado umejaa majani kuanzia chini hadi juu, na mwenyewe hana mpira wa maji mkononi, piga hodi uulize ni mti gani na una miaka mingapi. Kitaluni hutapata somo hilo. Kule miche inanyweshwa asubuhi na jioni chini ya kivuli, na kila kitu kinapendeza. Machi nako kila kitu Tabora kinapendeza, hata magugu.

Nasema hivyo kwa sababu neno lako "isiyopukutisha majani" ndilo lenye kesi. Hakuna mti usioangusha majani. Kuna unaoyaachia moja moja huku mapya yakitoka, wewe usijue, na kuna unaoyamwaga yote kwa wiki mbili ukabaki mifupa. Mvua zetu zinaanza Novemba na kukatika Aprili. Mwaka mzuri tunapata milimita 900 au 1,000 hivi, kisha inakuja miezi sita ambayo wingu ni la kutazama tu. Angalia miti ya porini inavyofanya. Mninga, ambao ni mwenyeji hapa kuliko mimi na wewe, ikifika Agosti umeshavua nguo zote. Miyombo vilevile. Mti uliozaliwa hapa umeona heri ukae uchi kuliko kupoteza maji kupitia majani. Kwa hiyo ukitaka kitu cha kijani Oktoba, unatafuta mti wenye ujanja wa ziada: jani nene lenye nta, au mzizi unaoshuka mbali sana, au shina lenyewe kuwa kijani. Embe inao huo ujanja wa mzizi, ndiyo maana miembe yetu mikubwa ya tangu enzi za misafara haijali kiangazi. Bahati mbaya mwembe haufanyi fensi.

Sasa tuanze na fundi wako.

Mikrismasi, yaani saiprasi, usipande. Nakwambia kwa uchungu kwa sababu nilishapanda. Miaka ya tisini, nikiwa bwana shamba kijana anayejiona anajua, nilizungushia nyumba yangu miche sitini ya saiprasi. Miaka mitatu ya kwanza watu walikuwa wanakuja kupiga picha. Mwaka wa nne nikaona mmoja umekuwa na rangi ya kutu upande wa barabarani. Nikafikiri ni kiu, nikamwaga maji. Nilipopanua matawi kwa mikono miwili ndipo nikaona: kwenye vijiti vya ndani, pale kijani kinapoishia, walikuwa wamejipanga vidukari wa kijivu kama punje za ulezi, na chini yao kila kitu kilikuwa kinanata na kufanya masizi meusi. Wadudu hao walionekana Malawi mwaka 1986, na miaka michache baadaye walikuwa wameshaingia kwetu na Kenya, wakaitafuna misaiprasi ya Afrika Mashariki kweli kweli. Nilipoteza kama nusu ya uzio.

Hata bila wadudu, saiprasi una tabia mbili zisizokufaa. Asili yake ni milima ya Mexico na nchi za jirani yake, unapenda ubaridi. Lushoto na Njombe unastawi. Hapa unavumilia tu. Tabia ya pili ndiyo inayowauma watu: ukiukata ukapita sehemu ya kijani ukafika kwenye kijiti cha kahawia, hapo hauchipui tena. Tundu linabaki maisha. Mbuzi akivunja tawi la chini leo, kesho kutwa mtoto wako wa chuo kikuu atakuta tundu lile lile.

Kijana wa kitaluni ana hoja, ila nusu. Mwashoki, ule mti mrefu mwembamba wenye majani yanayoning'inia na kingo za mawimbi, umetoka India na Sri Lanka, na ukishashika ardhi unabaki kijani Oktoba bila kelele. Tatizo ni kwamba mti huo umeumbwa kupanda juu. Kwa mtu anayechungulia kutoka ghorofani ni dawa. Kwa mbuzi anayepita chini ni mlango. Tena miche yake haiuzwi bei ya mchicha, na miaka miwili ya mwanzo inataka maji ya uhakika. Ukizungusha kiwanja chote utalia na bili. Nitakwambia chini tuupande wapi.

Michongoma. Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu jina hili limewapa watu hasara. Ukienda kuuliza "michongoma" unaweza kuuziwa miti mitatu tofauti. Upo wa porini, wenye miiba na tunda jekundu linaloiva kuwa jeusi, watoto wanalichuma. Huo ni mwenyeji, na kama wenyeji wenzake unapukutika kiangazi. Upo wa matunda ya njano, duara kama ndimu ndogo, makali ukilionja unafumba jicho moja, ila jamu yake ni nzuri sana. Huo umetoka kusini mwa Afrika, jani lake ni zito linalong'aa, na mwiba wake umenyooka, mrefu kuliko kidole cha mwanao mdogo. Kisha upo wa maganda: majani yametoka manne manne, miiba mifupi imekaa miwili miwili pale jani linapoanzia, na ganda lake linajikunja kama hereni, likipasuka ndani kuna nyama nyeupe au ya waridi na mbegu nyeusi. Watu wa Pwani wanaujua sana, wameukulia. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati.

Kwa hiyo usinunue jina, nunua jani na mwiba. Mwambie muuzaji akuoneshe mti mama.

Wa njano ni mvumilivu kupita yote, hauhitaji kukatwa mara kwa mara, na ukishafunga hata mwizi anaona bora aende kwa jirani. Ila hauna haraka. Kuupata ukiwa umefunga vizuri unahesabu miaka mitatu hadi minne. Wa maganda una haraka: misimu miwili au mitatu ya mvua umeshapata kimo cha mtu. Kiangazi unabadilisha majani lakini mapya yanafuatana na ya zamani, kwa hiyo huoni uchi. Ubaya wake ni kwamba ni mti, si kichaka. Ukiuacha bila panga miaka mitano unakuta una msitu wa mita kumi na chini pako wazi. Na mbuzi anapenda jani lake changa. Nitalirudia hilo la mbuzi.

Minyaa hujauliza, lakini najua mtu atakwambia. Ndiyo fensi ya wazee wetu Unyamwezini na Usukumani, maboma mengi yalizungushiwa hiyo, na kwa ukame haina mpinzani. Majani yake ni madogo na yanaanguka mapema, kijani unachokiona ni vijiti vyenyewe. Ndiyo ule ujanja wa shina niliokutajia. Unakata kijiti, unakiacha kivulini siku chache jeraha likauke, unakichomeka, basi. Haimalizi hata ndoo ya maji. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Niliwahi kurukiwa nikiwa nakata bila miwani. Nilikaa siku tatu chumba chenye giza, na nilikuwa nimewahi kuosha. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili anayevunja kila kijiti anachokiona, sitakushauri. Kama tayari kuna jirani anayo mpakani na ikatokea ajali, osha jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa nzima bila kuhurumia kilio, kisha hospitali. Usiweke kitu kingine.

Kipo kichaka kingine, oleanda ya njano, kinachozidi vyote kwa uzuri: majani membamba yanayong'aa, maua ya njano kama kengele, mbuzi hagusi, kiangazi hakijui. Mara nyingi utakiona kimepandwa mbele ya ofisi. Nisingekuwa na mawazo ya watoto ningekwambia panda leo. Kila sehemu yake ni sumu ya moyo, na mbegu ndiyo mbaya zaidi. Kisikanyage kwako mpaka huyo mdogo afike darasa la tano.

Mingine nitaipitia haraka. Mbono: mbuzi hali, unachipua kwa kijiti, lakini kiangazi unabaki fimbo tupu, na mbegu zake nazo ni sumu. Duranta: nzuri ukinywesha, fensi ya kiunoni ya kupamba njia ya kuingilia, ila vitunda vyake vya njano watoto wasile, na ukikosa maji Septemba inakonda. Bogonvilia ni malkia wa kiangazi, kadiri unavyoinyima maji ndivyo inavyotoa maua, lakini inataka kuegemea waya au nguzo, yenyewe haisimami ikawa ukuta, iweke getini. Mfikasi una mizizi isiyojua mpaka, ukiuweka karibu na shimo la choo au bomba utamwita fundi kila mwaka. Mvuti unaoota pembeni mwa barabara, ule wa vijiua vya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, usiulete nyumbani: ndege wanausambaza, ng'ombe unamdhuru, na kuung'oa ni kazi ya kizazi.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kuhesabu miche pima macho. Chukua fito ya mita tatu, ifunge kanga, mumeo aisimamishe pale uzio wa mbele utakapopita. Wewe nenda katikati ya barabara, simama kama mpita njia. Aiteremshe kanga polepole mpaka uanze kuona sufuria zako. Weka alama. Wengi wanashangaa kukuta ni mita moja na themanini tu, au mbili. Watu wanaota ukuta wa mita nne, kisha wanahangaika na ngazi maisha yote kuukata.

Kwa ghorofa la jirani, fanya vilevile lakini anza karibu na pale unapotaka kujificha. Mtu anayekutazama kutoka juu unamkinga kwa mti ulio karibu na wewe, si ulio karibu na yeye. Mpakani ungehitaji mti wa mita saba. Ukisogeza mita mbili au tatu tu kutoka bafu la nje na kamba ya kuanikia, mita nne zinaweza kutosha. Hapo ndipo miashoki inapata kazi. Panda saba au nane tu, umbali wa mita moja kati ya mmoja na mwingine, ikabiliane na dirisha lake, siyo mpaka wote. Tazama juu kwanza kama hakuna nyaya za umeme, na usikaribie msingi wa nyumba wala shimo la choo chini ya mita mbili. Miche nane unaweza kuinywesha bila kuogopa bili.

Mbele weka michongoma ya maganda. Nimepima wa njano na wa maganda kwa hali yako, na kilichoamua ni haraka yako na mfuko wako. Ila una sharti moja: nyumbani kwako awepo mtu wa kushika mkasi mara tatu kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Kama unajua mumeo ni mtu wa "nitakata Jumamosi", panda wa njano na uwe mpole.

Mita 25 za mbele ukitoa geti la mita nne zinabaki 21. Panda mistari miwili iliyopishana, mche hadi mche nusu mita, mstari hadi mstari sentimita 40. Inakuja kama miche 86. Andaa 95 maana mingine itakufa. Usipande juu ya bikoni. Ingia ndani kwako mita moja kutoka mpakani, kwa sababu uzio unanenepa, na tawi lenye mwiba likimkwaruza mwendesha bodaboda usiku, kesi ni yako. Ndani nako acha njia ya mita moja kati ya uzio na pale watoto wanapochezea.

Mtaro uuchimbe sasa, siyo siku ya kupanda. Kina nusu mita, upana sentimita 80 ili mistari yote miwili ikae. Ipuli sehemu nyingi ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio, kwa hiyo udongo wa juu uweke pembeni, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita, kisha urudishie. Nasema iliyooza. Ukiishika isiwe na joto wala harufu ya zizi, na ikatike kama udongo. Mbichi inaunguza mizizi na inawaita mchwa.

Mvua ya kwanza ya Novemba isikudanganye. Inanyesha siku mbili, watu wanakimbia na miche, halafu wiki tatu jua. Subiri udongo ulowe hadi chini. Choma kwa mkono au kijiti: ukikuta unyevu kina cha kiwiko, panda. Kwa kawaida yetu hiyo ni Desemba. Mche mzuri ni wa sentimita 30 hadi 40, siyo ule mrefu uliokaa kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea, mwaka mzima. Ukivua kiriba ukakuta mizizi imejizungusha chini kama chapati, kata ile chapati kwa kisu. Ukiiacha, mti utajinyonga wenyewe mwaka wa tatu na utafikiri umelogwa.

Sasa ile sehemu ambayo wateja wangu hawanisikilizi. Wiki sita baada ya kupanda, mche ukishashika na kufika magotini, ukate. Ndiyo, ukate, ubaki kama shubiri moja na nusu kutoka ardhini. Najua inauma. Kila shina unalokata linatoa machipukizi mawili matatu pale chini, na hayo ndiyo yatakayomzuia kuku, mbuzi na jicho. Asiyekata anapata kimo haraka, kisha anapata fensi ya miguu: juu kichwa kikubwa, chini unaona viatu vya wapita njia. Yakifika kiunoni kata tena. Baadaye sura ya uzio iwe kama ndoo iliyopinduliwa, pana chini na nyembamba juu, ili jua lifike kwenye majani ya chini. Ukiufanya mnene juu, chini kunapata kivuli na kunakauka, hata ungeunywesha maziwa. Kata Desemba, Februari na Aprili mvua zinapoaga. Julai hadi Oktoba usikate sana, unaufungua jeraha wakati hauna maji ya kuliponya.

Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoamua kama una uzio au una kuni. Mara moja kwa wiki, lita tano kwa kila mche, polepole, kuliko kunyunyiza kila jioni juu juu. Kunyunyiza kunafundisha mizizi kukaa juu, na juu ndiko kunakoungua. Kwa miche 95 hizo ni kama lita 475, madumu 24 ya lita 20 kwa wiki. Siyo kidogo, ila maji ya kufulia yasiyo na jiki yanaweza kubeba sehemu yake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe chini kwa sindano, ichimbie kando ya mche shingo ikiwa juu, uijaze. Inashuka tone tone na hakuna tone linalopotea. Watoto wanaipenda sana kazi hiyo, kwa wiki mbili. Kiangazi cha pili nusu ya hapo inatosha. Cha tatu usihangaike.

Mchwa utakutana nao. Hii ni Tabora. Dalili yake siyo jani, ni shina: utaona kibomba chembamba cha udongo kimepanda kutoka ardhini. Kibomoe kwa kidole. Kama chini yake gamba limeliwa pete nzima kuzunguka shina, huo mche umekwisha, ung'oe, panda mche mwingine. Kama ni upande mmoja, futa udongo wote, mwagia majivu kuzunguka, nywesha vizuri. Mchwa anaanza na mche wenye kiu, ndiyo maana kinga ya kwanza ni yale madumu. Pumba za mpunga zifunike udongo kupunguza joto, lakini ziache nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Mbuzi: miezi kumi na minane ya kwanza hakuna mjadala, weka wigo wa fito na miiba mikavu upande wa nje. Mchongoma mchanga kwa mbuzi ni kachumbari. Wigo huo huo uuvishe matete, na mguuni mwake panda nderema itambae masika. Utapata faragha ya kuanzia na mboga juu yake. Uzio wenyewe ukishakuwa mnene, mbuzi akionja upande wa nje anakusaidia kukata.

Mama mkwe usimbishie, ana nusu ya ukweli. Nyoka hapendi mti, anafuata panya, na panya anafuata makombo, rundo la matofali na nyasi ndefu chini ya uzio. Fagia chini yake, nyasi zisizidi kiganja, kuku walale bandani kwao, na mabaki ya ujenzi yaliyobaki nyuma ya nyumba yaondoke. Hayo matofali yananitia wasiwasi kuliko uzio.

Miche ya miashoki nunua. Ya michongoma usinunue. Mbegu ya wa maganda ikiwa mpya inaota haraka ajabu, mara nyingine siku mbili tatu tu, na kutoka sasa hadi katikati ya Desemba una wiki kumi na zaidi, zinatosha kufikisha mche sentimita 30. Jaza viriba 130, sehemu mbili udongo, moja samadi iliyooza, moja mchanga. Weka mbegu mbili kila kiriba, kina cha kucha. Vikae kwenye kivuli chepesi, na wiki mbili za mwisho uvitoe juani vizoee. Nyuma ya kitalu changu upo mti mama mmoja, kila mwaka naokota mbegu zake na kuziweka kwenye kopo. Njoo na watoto, na kopo lako. Huyo mdogo mfungie viatu kwanza, chini yake kuna miiba.